Barghash alifunga bahari, watoto wakapitishwa nchi kavu

Kisiwa cha Chula, kusini ya Kismayo, hakitajwi sana katika vitabu vya historia ya Afrika Mashariki. Ni kimoja katika safu ya visiwa vya Wabajuni, pamoja na Koyama, Ngumi na Chovai, vilivyojipanga sambamba na pwani. Nahodha anayepanda na kusi kutoka Lamu kwenda Kismayo, Barawa au Mogadishu hana budi kuipita safu hiyo. Katika karne ya 19 majahazi yaliyopita hapo yalibeba boriti, nazi, nguo na watu. Kati ya watu hao, wengi walikuwa watoto.

Mwaka 1845 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba na Uingereza, ulioanza kazi mwaka 1847. Mkataba huo uliruhusu watumwa wasafirishwe kwa bahari ndani ya himaya yake ya Afrika tu, kati ya Kilwa upande wa kusini na Lamu upande wa kaskazini. Mpaka wa kaskazini uliwekwa kwenye ncha ya kisiwa cha Kiwayu. Chula iko mbele ya ncha hiyo. Kwa hiyo mtoto yeyote aliyepitishwa Chula ndani ya jahazi kuanzia mwaka huo alikuwa mzigo wa magendo, na nahodha alilijua hilo. Alipitishwa hivyo hivyo, msimu hadi msimu, kwa sababu pale Kiwayu hapakuwa na askari, boti wala karani wa forodha wa kumzuia.

Aliyekuja kulazimika kuuziba mwanya huo, na kugundua kwamba kila mwanya unaozibwa huzaa mwingine, ni mtoto wa Sayyid Said: Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kutoka mwaka 1870 hadi 1888. Jina lake wafanyabiashara wengi wa pwani wanalijua kwa sababu ya Beit al-Ajaib, maji ya bomba na meli. Wachache wanakumbuka kwamba Kismayo na miji ya Benadir ndiko alikotoa amri yake kali kuliko zote juu ya utumwa. Tangu Somalia ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Machi 4, 2024, Kismayo na Zanzibar zimekuwa tena chini ya paa moja la kibiashara. Si vibaya kumrudia mtu huyu, pamoja na kasoro zake.

Barghash alizaliwa karibu mwaka 1837. Baba yake ndiye aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat na kuifanya Unguja kuwa soko la karafuu, pembe za ndovu na watu. Mama yake alikuwa suria kutoka Uhabeshi. Maana yake ni kwamba mtu aliyekuja kutia saini hati za kuzuia biashara ya watumwa alikuwa mwenyewe ametoka katika tumbo la mwanamke aliyeletwa kwa njia hiyo. Katika nyumba ya Sayyid Said hilo halikuwa jambo la ajabu, kwani watoto wake wengi walizaliwa na masuria na wote walihesabiwa kuwa masharifu wa ukoo.

Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini akirudi kutoka Oman. Barghash, kijana wa takriban miaka 19, alikuwa naye melini. Alishusha maiti ya baba yake kwa siri usiku, ikazikwa, kisha akajaribu kushika utawala kabla mji haujapata habari. Alishindwa, na kiti kikaenda kwa ndugu yake Majid. Mwaka 1859 alijaribu tena, safari hii kwa silaha, akisaidiwa na baadhi ya dada zake, akiwemo Bibi Salme ambaye alikuwa msichana mdogo anayejua kuandika na hivyo akafanywa mwandishi wa barua za uasi. Waasi walijifungia katika shamba la Marseilles huko Unguja. Manowari ya Kiingereza iliingilia upande wa Majid, Barghash akajisalimisha na kupelekwa uhamishoni Bombay kwa karibu miaka miwili.

Bombay ilimfundisha mambo mawili. Aliona mji wenye maji, barabara na bandari ya kisasa, na alijionea kwamba Waingereza wanaweza kumweka mtu kitini na kumwondoa. Majid alipofariki Oktoba 1870, Barghash alipanda kiti bila mapambano.

Alirithi hazina iliyotegemea forodha. Ukusanyaji wa ushuru ulikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, kwanza nyumba ya Jairam Shivji kwa miaka mingi, baadaye Taria Topan, ambao walimlipa Sultani kiasi walichokubaliana na wao wakakusanya kwa wafanyabiashara. Kila bidhaa ilikuwa na ushuru wake. Watumwa walitozwa kwa kichwa. Makadirio ya miaka ya mwisho kabla ya marufuku yanataja watumwa karibu 20,000 kwa mwaka waliopita katika mikono ya forodha hiyo.

Hapa panahitaji kusimama kidogo, kwa kuwa mfanyabiashara yeyote anaelewa jinsi ushuru unavyobadilisha mwenendo wa watu. Watoto hao walitekwa au kununuliwa bara, wengi kutoka nchi za Ziwa Nyasa na mto Ruvuma, ambako vita na uvamizi viliwatenga na wazazi. Wachuuzi waliwapendelea. Mtoto ni mwepesi kubeba, anakula kidogo, hajui njia ya kurudi, na baada ya miaka michache anasahau lugha yake. Wakishafika Kilwa walipakiwa katika majahazi, wamebanana, kwa maji na wali wa siku chache tu zilizokadiriwa kuwa za safari. Upepo ukikatika, hesabu hiyo ya maji iligeuka hukumu ya kifo. Ndui na kuhara vilimaliza waliobaki na nguvu kidogo.

Chombo kilipokaribia Zanzibar ndipo ushuru ulipofanya kazi yake. Mwenye mali aliwatazama watoto mmoja mmoja. Aliyeonekana hatapona hakustahili kulipiwa, kwa kuwa ushuru wa kichwa chake ungekuwa hasara. Walioelekea kufa waliachwa hivyo hivyo, wengine chomboni bila huduma, wengine ufukweni. Mabaharia, wamisionari na mabalozi walioandika juu ya Zanzibar ya wakati huo wanakubaliana katika hili. Hakuna sheria iliyosema mtoto auawe. Kilichokuwepo ni kanuni ya forodha iliyofanya kumtupa kuwe nafuu kuliko kumtunza.

Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja. Minazi na mikarafuu iling'oka, vyombo vya Sultani vikazama bandarini. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa. Matokeo yake, wenye mashamba ya Unguja walifilisika, na wa Pemba wakahitaji mikono zaidi kuliko wakati wowote. Hili lilikuja kuwa na uzito mkubwa baada ya mwaka mmoja tu.

Januari 1873 alifika Zanzibar mjumbe wa serikali ya Uingereza, Sir Bartle Frere, akiwa na rasimu ya mkataba wa kufuta usafirishaji wote wa watumwa kwa bahari. Barghash alikataa. Sababu zake zilikuwa za kawaida za mtawala mwenye madeni: nchi imeharibiwa na kimbunga, Waarabu wenye mashamba wataasi, na mapato ya hazina yatakauka. Frere aliondoka mikono mitupu. Mapema Juni balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, John Kirk, alipokea amri kutoka London kwamba Sultani asipokubali manowari zizingire kisiwa. Barghash alitaka kwenda Uingereza mwenyewe kujitetea. Kirk alimweleza kwamba safari yake haitasimamisha manowari. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini.

Mkataba huo ulifuta kabisa usafirishaji wa watumwa kwa bahari, hata kati ya bandari moja ya Sultani na nyingine, na kufunga masoko yote ya hadhara ya watumwa. Soko la Mkunazini lilifungwa siku hiyo hiyo. Kabla mwaka haujaisha Wakristo wa Kianglikana, chini ya Edward Steere aliyekuja kuwa askofu, walianza kujenga kanisa pale pale. Raia wa India walio chini ya Uingereza walikatazwa kumiliki watumwa. Kumiliki mtumwa kwa Waarabu na Waswahili hakukuguswa.

Kwa mtoto aliyekuwa Kilwa mwaka huo, maneno ya mkataba yalikuwa na kasoro moja kubwa: yalizungumzia bahari. Wenye biashara walisoma hati kama wanavyosomwa leo kanuni za mpakani, wakitafuta kisichoandikwa. Nchi kavu haikuandikwa. Badala ya kupakia majahazi Kilwa, walianza kuwapeleka watu kwa miguu kuelekea kaskazini, nyuma ya Dar es Salaam na Bagamoyo, hadi Pangani, na kutoka hapo baadhi wakavushwa usiku kwa mashua kwenda Pemba ambako mikarafuu ilisubiri. Wengine waliendelea nyuma ya Mombasa na Malindi hadi nchi ya Lamu, na kutoka hapo kwa bara linalotazamana na visiwa vya Wabajuni hadi Kismayo na Barawa. Mtoto ambaye zamani angepita mbele ya Chula kwa jahazi sasa alipita nyuma yake kwa miguu.

Mwishoni mwa mwaka 1873 ofisa wa Kiingereza, Frederic Elton, alisafiri nchi kavu kusini ya Dar es Salaam kwa kazi ya kuwaachisha huru watumwa wa wafanyabiashara wa Kihindi. Njiani alikutana na misafara mmoja baada ya mwingine. Ndani ya mwezi mmoja hivi alihesabu watu zaidi ya 4,000 wakipelekwa kaskazini. Safari ya bahari ya siku chache ilikuwa imegeuzwa mwendo wa wiki nyingi, katika nchi yenye maji haba, kwa watoto ambao tayari walikuwa wametembea kutoka bara. Asiyeweza kutembea aliachwa njiani.

Ni haki kusema kwamba mkataba wa 1873 uliokoa wengi waliokuwa hawajatekwa bado, maana bei na hatari ziliongezeka na wanunuzi wa ng'ambo wakapungua. Ni haki pia kusema kwamba kwa mtoto aliyekwisha kutekwa, mwaka wa kwanza na wa pili baada ya marufuku huenda ulikuwa mbaya kuliko miaka ya nyuma. Mambo hayo mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na waliosherehekea kufungwa kwa soko hawakulisema la pili kwa sauti.

Tofauti ya Barghash na baba yake inaanzia hapa. Sayyid Said alitia saini akaacha. Barghash, pamoja na kwamba alisaini akiwa amebanwa koo, aliendelea kusukumwa na pia akajisukuma. Alikuwa amekwisha kupoteza mapato ya ushuru wa kichwa. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba walioendelea na biashara hiyo hawatajirikii mgongoni mwake. Mtu anaweza kukataa kuliita hilo huruma. Barghash alibaki na watumwa na masuria wake hadi kufa, na hakuna dalili kwamba aliuona utumwa wenyewe kuwa dhambi. Lakini aliona kwamba sheria isiyo na mlinzi inamfanya mtawala kuwa kichekesho.

Mwaka 1875 alizuru Uingereza, akakutana na Malkia Victoria, akapitia pia Ufaransa na Ujerumani. Mwaka huo huo Kismayo ilitekwa. Khedive Ismail wa Misri, kwa ushauri wa Gordon aliyekuwa akimtumikia Sudan na kutaka njia ya kutoka Bahari ya Hindi hadi nchi za maziwa, alituma meli chini ya McKillop, Mwingereza aliyekuwa katika utumishi wa Misri. Oktoba 1875 askari wa Misri walishuka Barawa na Kismayo, wakateremsha bendera ya Sultani na kupandisha yao. Kwa muda mfupi pwani yote inayoangalia Chula ikawa chini ya Cairo.

Barghash hakuwa na jeshi la kuwatoa. Aliomba London, na London ikamwambia Khedive aondoke. Askari wa Misri walipanda meli na kwenda zao. Malipo ya msaada huo yalikuja Januari 1876, Barghash alipotoa amri ya kufuta utumwa wenyewe, yaani umiliki na si usafirishaji peke yake, katika Kismayo na miji ya Benadir. Hakuna sehemu nyingine ya himaya yake iliyopata amri ya namna hiyo wakati wa uhai wake. Unguja na Pemba, yalikokuwa mashamba na jamaa zake, hazikuguswa.

Kwa nini Kismayo? Jibu la kibiashara ndilo lenye nguvu zaidi. Huko kaskazini mamlaka ya Sultani yalikuwa liwali mmoja, askari wachache na nyumba ya forodha. Nje ya ukuta wa mji nchi ilikuwa ya koo za Kisomali, ambazo ndizo zilizonunua watumwa kwa ajili ya mashamba ya mto Juba na Shabelle. Kufuta utumwa Kismayo hakukumgharimu Sultani karibu kitu. Kulimgharimu mwenye shamba Barawa, ambaye hakuwa na kura katika baraza la Zanzibar. Ndiyo maana amri iliyokuwa kali kuliko zote kwenye karatasi ikawa dhaifu kuliko zote mitaani. Kilichowasaidia zaidi waliotoroka ni msitu wa mto Juba, huko Gosha, ambako watumwa waliokimbia tangu miongo ya nyuma walikuwa wamejenga vijiji vyao na kulea watoto waliozaliwa huru bila kusubiri hati ya mtu.

Aprili 1876 ndipo mwanya wa 1873 ulipozibwa kwa maandishi. Barghash alitoa matangazo mawili: misafara ya watumwa isifike pwani kutoka bara, na watumwa wasipelekwe kwa nchi kavu kutoka sehemu moja ya pwani hadi nyingine. Maliwali waliamrishwa kukamata na kufunga. Mwaka uliofuata aliunda jeshi dogo la kisasa chini ya Luteni William Mathews wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuja kubaki Zanzibar maisha yake yote. Kwa mara ya kwanza Sultani alikuwa na askari wa kupeleka mahali ambapo liwali amefumba macho. Misafara mikubwa ya nyuma ya pwani, iliyopita mchana kweupe mwaka 1874, ilipungua sana.

Magendo hayakwisha, yalibadilika umbo. Msafara wa mamia uligawanywa kuwa vikundi vya watu wachache. Watoto, kwa udogo wao, ndio waliofaa zaidi kufichwa chini ya makuti au kupitishwa kama watoto wa mwenye chombo. Baadhi ya majahazi ya Sur yalipata vibali vya kupeperusha bendera ya Ufaransa, na manowari za Kiingereza zikawa hazina ruhusa ya kuyapekua. Desemba 1881 nahodha Charles Brownrigg wa manowari London, iliyokuwa ikikaa bandarini Zanzibar kwa ulinzi huo, alikaribia chombo kimoja cha bendera ya Ufaransa karibu na Pemba bila kujiandaa kwa vita. Kilikuwa kimebeba watumwa. Aliuawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Ni Mathews na askari wa Sultani waliomsaka mwenye chombo, Hindi bin Khatim, hadi wakampata Pemba.

Swali ambalo Barghash hakulijibu vizuri ni nini kifanyike na mtoto baada ya kuokolewa. Mkataba wa 1873 ulimtaka awalinde waliowekwa huru. Hakujenga nyumba hata moja kwa ajili yao. Watoto waliotolewa majahazini, wengine wakiwa mifupa mitupu na kufa siku chache baadaye, waligawanywa kwa wamisionari: wavulana Kiungani na wasichana Mbweni kwa Waanglikana wa Unguja, wengine kwa mapadri wa Bagamoyo, wengine Freretown karibu na Mombasa, makazi yaliyopewa jina la yule yule Frere ambaye Sultani alimkatalia. Wengine walipelekwa Bombay na Shelisheli. Walisomeshwa, wakabatizwa, wakawa waashi, walimu na makasisi. Mtoto wa Kiyao aliyekamatwa karibu na Pemba hakuulizwa na yeyote kama ana mama anayemtafuta. Serikali ya Zanzibar ilijua kumnyang'anya mchuuzi mali yake. Kumrudisha mtoto kwao ilikuwa kazi isiyokuwa na ofisi.

Upande mwingine wa sera zake, usiotajwa pamoja na habari hizi, huenda uliokoa watoto wengi kuliko manowari. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilikuwa kimeua maelfu Zanzibar. Mji ulikunywa maji ya visima vifupi vilivyochimbwa kati ya nyumba na makaburi. Barghash alivuta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu hadi mjini, na wakazi wakayachota bure. Alileta pia meli za moshi zilizokwenda Bombay na kurudi na mchele, na wakati wa hija zikabeba mahujaji. Mtu maskini wa Ng'ambo, huru au mtumwa, alipata maji safi bila kuulizwa ni wa nani.

Mwaka 1884 njaa kubwa ilipiga sehemu nyingi za pwani na nyuma yake. Familia za bara zilishuka na watoto wao na kuwaweka rehani kwa watu wenye chakula. Rehani ni desturi ya zamani, na kwa nia ilikuwa ya muda: mvua ikinyesha, deni lilipwe, mtoto arudi. Wengi hawakurudi. Mpokeaji aliuza, au alivusha Pemba, au alimfanya mtumwa wa nyumba. Matangazo ya 1876 yalikamata msafara na jahazi. Hayakuwa na kifungu cha kumkamata mtu aliyepewa mtoto na baba yake mwenyewe kwa pishi chache za mtama. Hapo sheria ya Barghash ilifika mwisho wa urefu wake, na hakuna mtawala wa pwani wakati huo, Mwarabu au Mzungu, aliyekuwa na ghala la chakula la kuzuia jambo hilo lisitokee.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kunyang'anywa. Wajerumani walipata mikataba yao bara mwaka 1884, na mwaka uliofuata manowari zao zikatia nanga mbele ya kasri lake. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana ukubwa wa himaya yake bila yeye: visiwa, ukanda wa maili kumi hadi Kipini, na kaskazini Kismayo, Barawa, Merka na Mogadishu kila mmoja na maili kumi kuuzunguka, Warsheikh maili tano. Pwani ya kati ya Kipini na Kismayo, iliko safu ya Wabajuni, haikuandikwa katika ukanda huo. Kwa mara ya pili katika miaka arobaini Chula ilibaki nje ya mstari.

Barghash alikuwa mgonjwa. Alikwenda Oman kutafuta nafuu katika maji ya moto, akarudi Zanzibar na kufariki mwishoni mwa Machi 1888, akiwa na umri wa miaka 51 hivi. Alizikwa kwenye makaburi ya ukoo mjini. Ndugu yake Khalifa alimfuata kitini, kisha Ali, ambaye Agosti 1890 alikataza kuuza na kununua watumwa. Utumwa wenyewe ulifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka 31 baada ya tangazo la Kismayo.

Kismayo yenyewe ilipita kwa Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, kisha kwa serikali ya Uingereza pamoja na Jubaland yote, na mwaka 1925 ikakabidhiwa Italia. Chula ilikwenda nayo. Benadir ilikuwa imekwisha kuwa mikononi mwa Waitaliano. Mwaka 1903 chama cha Kiitaliano cha kupinga utumwa kilimtuma Luigi Robecchi Bricchetti kuchunguza hali ya miji hiyo, na alikuta watumwa bado wanamilikiwa, katika bandari zile zile ambako amri ya Barghash ilikuwa na umri wa miaka 27.